Il était une fois… Mobutu

Il était une fois… Mobutu ni kitabu cha katuni cha Kifaransa kilichotolewa mwaka 1977 na Afrique Biblio Club. Maandishi ni ya Serge Saint-Michel, michoro ya Dominique Fages. Kimo katika mfululizo uliowatukuza watawala wa Afrika, akiwemo Eyadéma wa Togo, na kinamchora Mobutu Sese Seko (1930–1997), mtawala wa Kongo (wakati huo Zaïre), kama shujaa aliyeiokoa nchi kutoka machafuko.

Mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ulichangia sifa hiyo ya ushujaa nje ya kurasa za kitabu. Agosti 1967 mamluki wa Jean Schramme, Mbelgiji, waliuteka mji. Jeshi la taifa liliukomboa Novemba, na Mobutu, aliyetwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, akaonekana mlinzi wa umoja wa Kongo.

Hata hivyo mteremko wa utawala wake ulikuwa umeanza mapema. Juni 1966 aliyekuwa waziri mkuu, Évariste Kimba, na wenzake watatu walinyongwa hadharani Kinshasa. Mwaka 1967 kiliundwa chama cha MPR, ambacho baadaye kilibaki peke yake kisheria. Sera ya Zaïrianisation ya Novemba 1973 iliwapa wakubwa wa utawala maduka na mashamba ya wageni, biashara nyingi zikafa. Kitabu kilipotoka, basi, picha ya shujaa ilikuwa tayari hailingani na mtu mwenyewe. Karibu miaka ishirini baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1996, Bukavu ileile iliangukia mikononi mwa waasi wa AFDL, huku askari wa Mobutu wakipora na kukimbia. Mei 1997 yeye mwenyewe alikimbia Kinshasa. Alifariki Rabat Septemba mwaka huohuo.