Wenyewe wa Kaya Fungo

Wagiriama ni watu wa kuhama. Wazee husimulia kwamba walitoka Singwaya, kaskazini, wakikimbia Wagala, wakaja kujenga kaya msituni nyuma ya pwani ya Kenya. Katika kaya yao, Kaya Fungo, walifukia fingo, kago la kuwalinda wote. Karne ya 19 wakaanza kutoka kutafuta mashamba na biashara ya pembe. Kufikia miaka ya 1890 wengine walikuwa wamevuka Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi. Kayani walibaki wazee wachache tu, ila viapo na maombi ya mvua vilirudi palepale.

Waingereza walitaka kodi ya vibanda na vibarua wa mashamba ya walowezi, na mwaka 1912 wakamleta Arthur Champion kusimamia hayo. Mwaka 1913 mjane mmoja, Mekatilili wa Menza, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya maziko, umati ukimfuata, akiwaambia wasitoe vijana wao. Huko Kaya Fungo wanawake waliapa kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi. Yeye na Wanje wa Mwadorikola wakakamatwa na kupelekwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka. Agosti serikali ikailipua kaya kwa baruti, kana kwamba haina wenyewe. Vita vikazuka, nyumba zikachomwa, Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa vibarua 1,000, na walio ng'ambo ya Sabaki wakaamriwa warudi kusini. Hawakutulia huko: muongo ule ulipokwisha walikuwa wakivuka tena.

Kosa la kudhani kwamba pasipo watu hapana wenyewe lilirudiwa baadaye, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mzee wa Gohu, chama cha wazee, akifa huchongewa kigango, nguzo ya mti mgumu yenye nakshi, kisha humwagiwa mnazi na kuombwa kama baba aliye hai. Boma likihama, kigango hakiguswi; hubaki kikilinda pale pale. Wezi wakaving'oa, vikauzwa hadi Marekani. Msitu wa kaya umetambuliwa: mwaka 2008 UNESCO iliingiza kaya kadhaa katika Urithi wa Dunia. Vigango vinarudi polepole, viwili mwaka 2007 vikakabidhiwa familia iliyoibiwa, na 30 kutoka makumbusho ya Denver mwaka 2019. Vingi havijulikani viling'olewa boma gani, kwani waliovinunua hawakuuliza, na kigango kisichorudi bomani kwake bado hakina wa kukimwagia mnazi.