Dhahabu za Barabarani: Tanzania na Michezo ya Madola

Michezo ya 23 ya Jumuiya ya Madola imepangiwa Glasgow, Julai 2026, na kwenye ratiba yake hakuna marathoni. Mita 1,500 nazo zimeondolewa, ikawekwa maili moja. Anayeishi Turwa, huku Ukuryani mkoani Mara, na kushabikia mpira tu ataona si habari. Lakini dhahabu nne za Tanzania katika michezo hii zimetoka kwenye mbio hizo mbili.

Michezo yenyewe ni kitu cha mkoloni, wala hakuna haja ya kulificha hilo. Ilianza mwaka 1930 Hamilton, Kanada, kwa timu 11, ikaitwa Michezo ya Dola ya Uingereza. Tanganyika ya wakati huo ilikuwa mikononi mwa Mwingereza, na Wakurya walikuwa wamekwishagawanywa na mpaka wa Kenya na Tanganyika pale Sirari. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikafuta michezo ya 1942 na 1946. Kisha jina likaanza kubadilishwa nguo: mwaka 1954 ikaongezwa Jumuiya ya Madola, mwaka 1970 neno Dola likaondoka, na mwaka 1978 Uingereza nayo ikafutwa kwenye jina. Sisi tuliingia Perth mwaka 1962, Tanganyika ikiwa na uhuru wa karibu mwaka mmoja. Mwaka 1970 huko Edinburgh bondia Titus Simba akaleta medali ya fedha.

Halafu ikaja Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Filbert Bayi wa Karatu, askari wa JWTZ mwenye umri wa miaka 20, alichomoka tangu mlio wa bastola na kuongoza. Wajuzi wa mita 1,500 wa enzi hizo walijificha nyuma ya wenzao wakingoja raundi ya mwisho. Aliyetangulia mapema alihesabiwa mjinga. Bayi hakumngoja mtu. John Walker wa New Zealand alimfukuza mbele ya watu wa nyumbani kwake, akamkaribia, asimpate. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker naye aliivunja ile rekodi ya zamani, ila ndiyo hivyo tena, alikuwa wa pili. Ben Jipcho wa Kenya, aliyeondoka huko na dhahabu mbili za mbio nyingine, hapa alitosheka na shaba. Muda ule wa Bayi ulibaki rekodi ya Michezo ya Madola kwa miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipoushusha Birmingham mwaka 2022.

Turwa, kama Ukurya wote, inalijua jeshi vizuri; ni vigumu kupata ukoo usio na mjeda. Kwa hiyo watu wa huku hawahitaji kuelezwa kwa nini wakimbiaji wetu wengi wakubwa walivaa magwanda. Jeshini kulikuwa na chakula cha uhakika, muda wa mazoezi na mshahara.

Mwaka 1978, Edmonton, Gidamis Shahanga akashinda marathoni kwa saa 2:15:39. Miaka minne baadaye, Brisbane, alichukua dhahabu ya mita 10,000, na siku chache tu baadaye akaingia tena barabarani kwenye marathoni, bega kwa bega na Juma Ikangaa, mwanajeshi mwingine. Wawili hao waliwaacha wenzao mbali. Robert de Castella wa Australia akawafuata taratibu, Shahanga akachoka, wakabaki nyoka wawili shimo moja: Ikangaa anapitwa, anarudi mbele, anapitwa tena. De Castella alimaliza kwa 2:09:18, Ikangaa kwa 2:09:30. Sekunde 12! Kwangu mimi, fedha ile ina uzito kuliko dhahabu nyingi.

Mwaka 1986 hatukwenda Edinburgh. Timu 32 kati ya 59 zilisusa kwa sababu serikali ya Margaret Thatcher ilikataa kuiwekea vikwazo Afrika Kusini ya makaburu. Baadaye zikaja dhahabu za bondia Michael Yombayomba (Kuala Lumpur, 1998), Francis Naali (marathoni, Manchester, 2002) na Samson Ramadhani (marathoni, Melbourne, 2006).

Mkoa wa Mara una wake, Suleiman Nyambui wa Majita, ila fedha yake ya mita 5,000 ni ya Olimpiki ya Moscow, 1980, mahali ambapo Bayi pia alipata fedha ya kuruka viunzi na maji.

Afrika haijawahi kuandaa Michezo ya Madola. Durban ilipewa ya 2022, ikanyang'anywa mwaka 2017. Jimbo la Victoria, Australia, lilijitoa kwenye ya 2026 likilalamikia gharama, na ndipo Glasgow ikaiokoa kwa kuipunguza hadi michezo kumi. Ngumi zimesalia, na humo Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walileta shaba mbili kutoka Birmingham. Alphonce Simbu, mwanajeshi mwingine, alipata fedha ya marathoni hukohuko, na Septemba 2025 akawa bingwa wa dunia Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03. Glasgow hana barabara ya kukimbia.