BUSTANI ISIYO NA UDONGO: HISTORIA YAKE NA FAIDA YAKE KWA MKIMBIZI

Ndugu wakazi wa kambi, na ninyi wafanyakazi wa mashirika ya misaada,

Katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, kamati ya jamii imetuomba sisi walimu tuandike habari ya historia inayoweza kumfaa mkazi. Tumechagua kilimo kisichotumia udongo, kiitwacho haidroponiki. Wengi wetu tulikuwa wakulima kabla ya kukimbia, na hapa tumepata kiwanja cha kutosha nyumba, jiko na kamba ya kuanikia nguo, basi. Tulipoanza kupanda mboga katika ndoo nyuma ya madarasa, wazee walikuja kutazama, wakatuuliza maswali mawili. La kwanza: mmea usioguswa na udongo unakula nini? La pili: mtu anayepanda ugenini, je, hajakata tamaa ya kurudi kwao? Tutajaribu kuyajibu yote mawili.

MMEA UNAKULA NINI?

Swali hili wataalamu wamelifanyia kazi kwa karne nyingi. Katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, tabibu Jan Baptist van Helmont alipima ratili 200 za udongo mkavu, akapanda humo mche wa ratili 5, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ukafika ratili 169, na udongo ukapungua kidogo sana. Habari hizo zilichapwa mwaka 1648, baada ya kufa kwake. Yeye alidhani mti wote umetokana na maji. Leo tunajua kuwa sehemu kubwa ya mwili wa mmea hutoka katika hewa na maji, kwa nguvu ya jua.

Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward alieleza jinsi alivyootesha mnanaa katika maji ya mvua, maji ya mto Thames, na maji yaliyochanganywa na udongo wa bustani. Ulionawiri zaidi ni ule wa maji yenye udongo. Kumbe ndani ya udongo mna kitu kidogo ambacho mmea hauwezi kukikosa. Kitu hicho ni chumvi za madini. Katika miaka ya 1860 Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop waliziyeyusha chumvi hizo katika maji, wakaotesha mimea pasipo udongo wowote.

Kwa hiyo tunawajibu wazee wetu hivi: udongo ni ghala. Mmea hauli ghala, hula kilichowekwa ndani yake.

KUTOKA MAABARA HADI UANI

Mwaka 1929 mwalimu wa Chuo Kikuu cha California, William Gericke, alitangaza kwamba mazao ya kuliwa yanaweza kulimwa hivyo. Nyanya zake zilirefuka kupita mita 7. Mwaka 1937 alitoa jina la haidroponiki, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: maji na kazi. Watu wengi wakadhani ni muujiza. Lakini mwaka 1938 Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wa chuo hicho hicho, walionyesha kuwa mavuno ya majini hayayashindi mavuno ya udongo mzuri. Jambo hilo tulishike sana. Faida ya njia hii iko mahali ambapo udongo mzuri haupo au hauruhusiwi kulimwa.

Ndiyo maana ilikwenda visiwani. Shirika la ndege la Pan American liliotesha mboga za abiria katika kisiwa cha Wake, katika Bahari ya Pasifiki, na mwaka 1945 jeshi la Marekani likafanya hivyo Ascension, kisiwa cha mawe ya volkano. Hayo yote yalihitaji matangi, mashine na fedha nyingi.

Huko Bengal, nchi iliyokuwa imetoka katika njaa kubwa ya mwaka 1943, J. Sholto Douglas alianza mwaka 1946 kutafuta njia ya mtu wa kawaida. Alitumia mahori ya vifaa vya papo hapo, kokoto, mbolea kavu ya kunyunyizia, na maji ya kumwagilia kwa mkono. Kitabu chake kilitoka mwaka 1951. Baadaye Bernard Kratky, wa Hawaii, alieneza njia isiyohitaji pampu wala umeme.

WAKIMBIZI WENZETU

Kambi ya Za'atari, nchini Jordan, ilifunguliwa mwaka 2012 kwa ajili ya Wasiria, wengi wao wakitoka Daraa, mkoa wa wakulima. Kambi iko jangwani. Wakazi pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichukua sponji za magodoro yaliyochakaa wakazifanya kitanda cha mizizi. Nyanya, pilipili na mnanaa vikaota.

Karibu na Tindouf, Algeria, wako Wasahrawi waliokimbia tangu mwaka 1975. Mkimbizi mmoja wao, mtaalamu wa kilimo Taleb Brahim, aliotesha shayiri bila udongo ili iwe majani ya mbuzi. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilishirikiana naye, na vifaa vya gharama kubwa vikapunguzwa hadi vile vinavyoweza kutengenezwa kambini. Wafanyakazi wa mashirika tunawaomba mlitazame hilo: ujuzi ulikuwa tayari kambini.

NAMNA YA KUANZA

Chukua ndoo au dumu (bidoni) safi ambalo halijawekwa sumu. Lipake rangi nyeusi au lifunike, maana mwanga ukiingia mwani huota. Toboa mfuniko, weka kikopo chenye matundu na kokoto zilizooshwa, upande mche wa lengalenga, yaani mchicha, au saladi. Jaza maji yenye mbolea mpaka yaguse chini ya kikopo. Mmea ukinywa, maji hushuka, na mizizi ya juu hupata hewa. Usijaze tena mpaka juu, mizizi itakosa pumzi. Ziba kila upenyo ili mbu wasizalie humo. Saladi moja hutosheka na lita 4 hivi mpaka kuvunwa, wakati kipimo cha chini cha maji ya mtu kambini ni lita 15 kwa siku.

Mbolea ndilo tatizo letu. Urea peke yake haifai. Inahitajika mbolea kamili, yenye pia kalisi, magnesi na chuma. Hiyo hatuwezi kuitengeneza. Hapo tunahitaji mkono wa mashirika, pamoja na ndoo na magodoro yanayotupwa.

Hatuna budi kusema wazi pia kwamba mboga za majani huongeza vitamini na ladha, lakini hazishibishi. Mahindi, maharagwe na mafuta yatabaki kuwa msingi wa chakula. Bustani ya ndoo isije ikafanywa sababu ya kupunguza mgao.

JE, ANAYEPANDA AMESAHAU KWAO?

Wasahrawi wamekaa kambini zaidi ya miaka 45, wanaotesha shayiri, na hadi leo hawajaacha kuidai nchi yao. Lengalenga huvunwa baada ya wiki chache, na ndoo hubebeka. Siku ya kurudi itakapofika, mwenye bustani ya namna hii hataacha shamba nyuma. Atakwenda na ndoo yake, mbegu zake na ujuzi wake, na watoto wake watakuwa bado wanajua kupanda.

Wanaotaka kujifunza waje shuleni baada ya masomo ya mchana. Waje na ndoo.

Wasalaam,
Walimu wa kambi, kwa niaba ya kamati ya jamii