Koča Popović: Mshairi Aliyekuwa Jenerali

Aghalabu maisha ya Koča Popović wa Yugoslavia hugawanywa mafungu mawili: kwanza mshairi kijana wa Belgrade na Paris, kisha jenerali wa vita. Mgawanyo huo ni mwepesi, lakini unaficha jambo kubwa. Tabia moja ya fikra ilimwandama tangu ujana hadi uzee, nayo ni kutolikubali neno kwa sababu tu limetamkwa na mwenye mamlaka.

Popović alizaliwa Belgrade mwaka 1908 katika ukoo wa matajiri. Sehemu ya utoto wake aliishi Uswisi, na baadaye alisoma sheria na falsafa mjini Paris. Huko alivutiwa na usurialisti, mkondo wa sanaa uliotaka kuifungulia ndoto milango iliyokomewa na mantiki ya kila siku. Mwaka 1930 alikuwa miongoni mwa watu 13 waliotia sahihi tamko la wasurialisti wa Belgrade; mwaka uliofuata yeye na Marko Ristić walitoa kitabu cha falsafa juu ya mambo yasiyotawaliwa na akili. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya udikteta uliotangazwa na Mfalme Aleksandar Januari 1929. Katika hali hiyo, kuihoji lugha kulikuwa pia kuihoji dola. Mwaka 1933 Popović alijiunga na Chama cha Kikomunisti, kilichokuwa kimepigwa marufuku, na ushairi wake ukaanza kunyamaza.

Alikwenda Hispania kupigana upande wa Jamhuri. Ujerumani ilipoivamia Yugoslavia Aprili 1941, jeshi la kifalme lilisalimu amri katika muda usiotimia wiki mbili. Popović aliingia msituni. Tarehe 21 Desemba 1941, katika mji mdogo wa Rudo, iliundwa Brigedi ya Kwanza ya Proletaria, naye akapewa uongozi wake. Januari 1942 brigedi hiyo ilivuka mlima Igman katika baridi iliyowaunguza wapiganaji wengi miguu. Katika bonde la Sutjeska, Juni 1943, majeshi ya Ujerumani na washirika wake yaliwazingira wapiganaji wa Tito. Divisheni ya Popović ndiyo iliyolivunja duara hilo, ingawa zaidi ya wapiganaji 7,000 waliangamia katika mapigano hayo. Kalamu haikutupwa: aliandika kumbukumbu za vita, zilizochapishwa baadaye.

Kuanzia 1945 hadi 1953 alikuwa Mnadhimu Mkuu wa Majeshi. Mwaka 1948 Stalin alipogombana na Tito, jeshi hilo lilijiandaa kuilinda nchi dhidi ya rafiki wa jana. Hata hivyo, haifai kumpamba mtu huyu kupita kiasi. Kuanzia 1949, walioshukiwa kumuunga mkono Stalin walifungwa katika kisiwa cha Goli Otok, naye alikuwa miongoni mwa wakuu wa dola iliyowafunga. Mtu aliyezoea kuhoji aweza naye kuketi katika baraza lisilopenda kuhojiwa.

Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1953 hadi 1965. Katika kipindi hicho, Septemba 1961, nchi zisizofungamana na upande wowote zilikutana Belgrade, Misri, Ghana na Ethiopia zikiwemo. Mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais.

Kisha ukaja mtihani wa mwisho. Mwaka 1972 Tito aliwashinikiza viongozi wa Serbia walioitwa waliberali, Marko Nikezić na Latinka Perović, hadi wakaacha madaraka. Popović hakuwa akilengwa yeye mwenyewe, na angeweza kukaa kimya akabaki na heshima zake. Badala yake alijiuzulu nyadhifa zake, akaiacha siasa. Alifariki Dubrovnik mwaka 1992, nchi aliyoipigania ikiwa inasambaratika kwa vita.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba jenerali alimzika mshairi. Mshairi alichelewa, na katika mambo mengine alichelewa mno. Lakini siku alipotakiwa kuyaridhia maneno asiyoyaamini, ndiye aliyejibu.