Njia za Kenyenya na Baiskeli ya Mlimani

Njia kongwe za Kenyenya hupita mgongoni mwa vilima. Kenyenya iko kusini mwa Kaunti ya Kisii, katika Machoge, nchi ya Abamachoge, mojawapo ya koo kubwa za Abagusii, upande unaoelekea Trans Mara. Hapa hakuna tambarare ya kusemwa: ukimaliza mgongo unashuka bondeni, unavuka kijito, unapanda mgongo mwingine. Zamani mwenye safari ndefu alikaa juu, kwa kuwa juu ni pakavu, panaonekana mbali, na mito ya kuvuka ni michache. Njia hiyo Abagusii huiita enchera. Ya pili ilikuwa fupi, ikitoka nyumbani hadi ensoko, yaani chemchemi, na ilishuka moja kwa moja bila kona. Anayechagua leo pa kuendeshea baiskeli ya mlimani anachagua bado kati ya hizo mbili, ya mgongo au ya maji, hata kama hajui aliyezianzisha.

Ng'ombe nao walichora zao. Kabla ya utawala wa Waingereza, vijana wa Abagusii walilinda mifugo katika kambi zilizoitwa ebisarate, na huku mpakani kambi hizo zilikuwa ngao dhidi ya wavamizi. Kundi la ng'ombe halipiti katika ujia wa mtu mmoja. Linahitaji upana, na mteremko usiovunja miguu. Waingereza walifika kwa bunduki mwaka 1905, wakaanzisha mji wa Kisii mwaka 1907, na mwaka 1908 wakarudi kwa ukali zaidi baada ya Otenyo, mpiganaji wa Abagusii, kumchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Miaka michache baadaye waliziondoa ebisarate. Njia za ng'ombe zikabaki bila ng'ombe.

Sheria ya mwaka 1912 iliwapa machifu uwezo wa kuwaita watu kwenye kazi za barabara. Majembe yakaanza kupanua enchera za mgongoni, kwani hata mkoloni hakuona pengine pa kupitisha barabara kwa gharama ndogo. Barabara iliyopewa uzito zaidi ilikuwa ile ya kutoka Kisii hadi Kendu Bay, penye meli za ziwani. Machoge ilikuwa mbali na hayo, na njia zake zilikaa nyembamba kwa muda mrefu.

Kahawa ndiyo iliyobadilisha mambo. Kisii ilikuwa miongoni mwa wilaya chache ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, na baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 mashamba yaliongezeka haraka. Buni mbivu humenywa na kuoshwa kwa maji mengi, kwa hiyo kiwanda cha kahawa lazima kiwe karibu na mto. Soko, shule na kanisa viko juu. Kiwanda kiko chini. Lori lililojaa magunia haliwezi kupanda njia ya ensoko, basi ikachimbwa barabara inayozunguka kilima polepole hadi mtoni. Barabara hizo za kiwandani, pamoja na zile za vituo vya kupimia majani chai zilizofuata, ndizo miinuko bora kwa mwendesha baiskeli hadi leo. Hazikulenga starehe ya mtu yeyote, lakini aliyezipima aliwaza injini iliyochoka, na paja la binadamu halina tofauti kubwa na injini hiyo.

Upimaji wa mashamba ulioshika kasi tangu miaka ya 1960 ulileta sura nyingine. Mashamba ya Gusii yalikatwa kama mikanda, kila mmoja ukianzia barabarani mgongoni na kuishia kijitoni, ili kila familia ipate pa kujenga na pa kuteka maji. Mikanda hiyo iligawanywa tena kwa wana na wajukuu. Kati ya mkanda na mkanda pana mpaka, na juu ya mpaka pana ujia wa hatua moja, kushoto ua, kulia migomba au nepia, na chini kabisa mikaratusi. Mwenye baiskeli huvutiwa sana na ujia wa aina hii. Ni mwembamba, una mizizi na ngazi za udongo, na unashuka bila huruma. Ila huo si mali ya umma kama barabara iliyo kwenye ramani ya upimaji. Ni hisani ya majirani wawili, na mara nyingi unakatiza uani kabisa, mbele ya jiko. Mtu hupita hapo akiwa ameshuka baiskeli na kusalimia.

Baiskeli yenyewe iliingia kama mnyama wa mizigo. Raleigh ya Uingereza ilitangulia, kisha zikaja za India na China ambazo Wakenya walizibandika jina la Black Mamba: nyeusi, nzito, gia moja, breki za fito za chuma. Katika nchi tambarare ya Kisumu au Busia mtu angepanda na kukanyaga, na ndiyo maana bodaboda ya baiskeli ilizaliwa mpakani Busia miaka ya 1960. Vilima vya Machoge viliipa baiskeli kazi nyingine. Mkungu wa ndizi au gunia la mahindi lilifungwa kwenye keria iliyoongezewa vyuma na fundi wa kuchomelea, likakazwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, kisha mwenye mali akasukuma. Mkono mmoja ulishika usukani, wa pili ulishika mzigo kwa nyuma, na kifua kiliegemea gunia. Kwenye mteremko alipanda. Vipira vya breki havikudumu siku nyingi kwa mzigo huo, kwa hiyo soli ya kandambili ya tairi iliwekwa juu ya gurudumu na kubanwa kwa kisigino. Harufu ya mpira ulioungua ilimtangulia sokoni.

Watu hao walizijua njia kwa undani ambao ramani haina. Walijua kilima cha kusukuma kikiwa kikavu tu, kona yenye mchanga, daraja la magogo lisilobeba gunia na mtu kwa pamoja. Wakati huohuo, mbali sana, vijana wa California walikuwa wakipandisha baiskeli nzito za zamani kwa lori hadi juu ya vilima vya karibu na Mlima Tamalpais, kisha kushindana kushuka. Shindano lao la kwanza la Repack lilikuwa Oktoba 1976, na jina lilitokana na grisi ya breki iliyochemka na kuyeyuka mpaka ikabidi ijazwe upya. Jasho la mchuuzi wa Machoge na mchezo wa vijana hao vilikutana kwenye breki zinazotoa moshi. Kwao ikazaliwa baiskeli ya mlimani, yenye gia nyingi na tairi pana, ambayo iliingia katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Machoge ikasubiri pikipiki. Karibu mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, na katika muda mfupi Black Mamba ikaegeshwa ukutani.

Pikipiki zimezifanyia njia mema na mabaya. Zimeweka wazi nyingi ambazo zingemezwa na nyasi, na pia zimechimba mfereji katikati ya mteremko, ambamo maji ya mvua hukimbilia. Udongo wa hapa ni mwekundu, wa mfinyanzi, uliotokana na miamba ya kale ya volkeno. Ukikauka hushika tairi vizuri, ukilowa hugeuka sabuni.

Nchini Kenya waendeshaji wengi hujifunzia katika msitu wa Karura jijini Nairobi, ambako makutano ya njia yana namba, au Hell's Gate karibu na Naivasha, mbuga inayoruhusu baiskeli. Kenyenya haifanani na huko: hakuna lango wala tiketi, na kila ujia una wenyewe. Anayetoka mji wa Kisii hupitia Ogembo, penye mto Gucha, kisha hupanda kuelekea Kenyenya kwa barabara kubwa, na ni busara kuwa makini katika sehemu hii kwa kuwa pikipiki na lori ni nyingi. Mpango mzuri ni kufuata mgongo kwenda, kushuka kwa ujia mmoja ulioulizwa kwanza, na kurudi juu kwa barabara ya kiwanda. Kinyume chake ni kusukuma, kama walivyosukuma wenye magunia, ila bila ndizi za kuuza.

Siku ya Jumamosi asubuhi njia za mgongoni hujaa Waadventista waendao kanisani kwa miguu, watoto wakiwa mbele; hapo kengele hutangulia breki. Na kwa kuwa mvua ya Kisii hupenda kunyesha alasiri, anayetoka saa moja asubuhi huwa amekwisha kupanda kutoka mtoni kabla udongo haujalowa.