Kansa ya damu ya watoto: kwa nini dawa zinaendelea hata mtoto akirudia kucheza

Mzazi mwenye mtoto anayetibiwa kansa ya damu huwa na swali moja. Mtoto amerudia kula, homa imeisha, anacheza mpira na wenzake. Basi kwa nini daktari anasema arudi hospitali miaka miwili mingine, pengine zaidi? Kwa familia iliyokimbia vita na kupokelewa nyumbani kwa watu, swali hilo si dogo. Kila safari ya hospitali ni pesa ya moto na siku moja bila kibarua. Jibu lake halikutoka kichwani mwa daktari mmoja. Lilipatikana Marekani katika miaka 20 hivi, kuanzia 1947, na watoto wengi walikufa kabla halijaeleweka.

Ugonjwa huo madaktari wanauita lukemia kali ya limfoblasti. Duniani, ndiyo kansa inayowashika watoto zaidi ya nyingine zote. Inaanzia katika uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Chembe nyeupe changa, badala ya kukomaa na kuulinda mwili, zinazaana bila kukoma na kujaza nafasi yote. Damu nyekundu inakosa mahali, mtoto anapauka na kuchoka. Chembe za kugandisha damu zinapungua, fizi na pua zinatoka damu, ngozi inapata alama za buluu bila mtoto kuanguka. Mifupa inauma hadi mdogo anakataa kutembea. Kabla ya 1948, mtoto wa namna hiyo alikuwa na wiki au miezi michache tu ya kuishi, hata katika hospitali kubwa za Marekani.

Mtu wa kwanza kuutikisa ugonjwa huo hakuwa hata daktari wa wodi. Sidney Farber, wa hospitali ya watoto ya Boston, alikuwa mtaalamu wa kuchunguza maiti na vipande vya mwili. Alijua kwamba daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikuwa ametibu upungufu wa damu wa wanawake wajawazito maskini huko Bombay, India, kwa kutumia hamira. Ndani ya hamira mlikuwa na vitamini ambayo baadaye iliitwa asidi foliki. Farber aliwapa vitamini hiyo watoto wenye lukemia, na ugonjwa ukaonekana kukimbia zaidi. Mtu mwingine angefunga daftari. Yeye aligeuza swali: kama asidi foliki inailisha kansa, je, tukiinyima?

Dawa ya kuinyima ilitoka katika kiwanda cha Lederle, kwa mwanakemia Mhindi Yellapragada Subbarow na wenzake. Iliitwa aminopterini. Mwezi wa Juni 1948 Farber alitangaza matokeo: kati ya watoto 16 waliotibiwa, 10 walipata nafuu. Walitoka kitandani, ini na bandama zilizovimba zikarudi ndani. Halafu ugonjwa ukarudi. Nafuu yote ilikuwa ya muda. Subbarow mwenyewe alikufa Agosti mwaka huohuo, na jina lake linajulikana kidogo sana likilinganishwa na kazi yake.

Dawa nyingine zilifuata, na kila moja ilifika kwa njia yake. Gertrude Elion, mwanamke aliyekataliwa na maabara nyingi na ambaye hakuwahi kumaliza udaktari wa chuo kikuu, alitengeneza merkaptopurini pamoja na bosi wake George Hitchings. Iliruhusiwa 1953, nao wakapata Tuzo ya Nobel 1988. Vinkristini ilitoka katika ua la Madagaska. Wengi Kongo wanalijua bila kujua jina lake: ua dogo la waridi au jeupe, lenye petali tano, linalopandwa uani na makaburini. Wachunguzi wa Kanada walilishughulikia kwa sababu huko Jamaika watu walikunywa majani yake kama dawa ya kisukari. Kwa kisukari hawakupata la maana, lakini waliona kwamba linashusha chembe nyeupe za damu. Hapa inafaa kusema wazi: majani hayo ni sumu. Ili kupata gramu 1 ya dawa, kiwanda kinahitaji mamia ya kilo ya majani makavu, na kipimo cha mtoto ni kidogo sana. Chai yake haitibu lukemia, inaweza kuua.

Kuna pia kobayi, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao familia nyingi za Kivu Kusini zinafuga jikoni, kwa sehemu kwa sababu ni rahisi kuwaficha au kukimbia nao. Mwaka 1953, huko New York, John Kidd aliona kwamba maji ya damu ya kobayi yanaua uvimbe wa kansa katika panya. Maji ya damu ya farasi au sungura hayakufanya hivyo. Baadaye John Broome alipata sababu: damu ya kobayi ina kimeng'enya kinachoondoa asparajini, chakula ambacho chembe za lukemia haziwezi kujitengenezea. Leo kimeng'enya hicho, asparajinasi, kinavunwa kutoka kwa bakteria, na kobayi ameachwa apumzike.

Kufikia 1960 dawa zilikuwepo, lakini watoto waliendelea kufa. Kila dawa ilifanya kazi miezi kadhaa, kisha ikazoeleka. Huko Bethesda, karibu na Washington, Emil Frei na Emil Freireich walianza kuziunganisha, mwishowe nne kwa pamoja: vinkristini, methotreksati ambayo ni ndugu wa aminopterini, merkaptopurini na prednisoni. Wenzao wengi waliona ni ukatili kumpa mtoto anayekufa sumu nne. Freireich alikuwa pia amepambana na damu iliyokuwa ikitoka kwa watoto wodini hadi ikarowesha mashuka. Alionyesha kwamba chembe za kugandisha, zikitolewa kwa mtu mzima na kuongezwa kwa mtoto zingali mbichi, zinazuia kifo hicho. Bila hilo, hizo dawa nne zisingewezekana.

Jibu la swali la mzazi liko katika hesabu ya panya. Howard Skipper, huko Birmingham, Alabama, alionyesha kwamba chembe moja tu ya lukemia, ikipandwa kwa panya, inaweza kumuua. Alionyesha pia kwamba kila kipimo cha dawa kinaua sehemu ileile ya chembe zilizopo, si idadi ileile. Mtoto anapofika hospitali akiwa mgonjwa sana, anaweza kuwa na chembe za kansa bilioni 1000. Dawa ikiua 999 katika kila 1000, bado inabaki bilioni 1. Mtoto huyo anaonekana mzima. Darubini ya labo haioni kitu. Anacheza mpira. Na bilioni moja imo ndani yake, inazaana. Watoto wa Farber waliopata nafuu mwaka 1948 walikuwa katika hali hiyohiyo, na hakuna aliyejua.

Aliyeifuata hesabu hiyo hadi mwisho ni Donald Pinkel. Alikuwa daktari wa watoto, kijana bado, ambaye aliwahi kuugua polio. Mwaka 1962 alifungua hospitali ya St. Jude huko Memphis, mji wa Kusini mwa Marekani ambako wakati huo watu weusi na weupe walitengwa hata hospitalini. St. Jude iliwalaza pamoja. Wakati huo, watoto 4 tu katika 100 wenye lukemia hii walikuwa na matumaini ya kuishi.

Pinkel aligundua mahali ugonjwa ulipojificha. Dawa za mishipani haziingii vizuri katika ubongo, na watoto waliokuwa wamepata nafuu walirudi wakiumwa kichwa na kutapika. Basi akapanga matibabu ya hatua: kwanza kuushusha ugonjwa, kisha mionzi kichwani na methotreksati katika maji ya uti wa mgongo, mwishowe dawa za kuendelea kwa miaka miwili au mitatu. Watoto 35 waliingia katika jaribio la tano, kuanzia mwisho wa 1967. Karibu nusu yao walipona kabisa. Mionzi iliharibu akili na kimo cha baadhi yao, na hilo lisifichwe. Miaka mingi baadaye hospitali hiyohiyo ilionyesha kwamba mtoto anaweza kupona bila mionzi ya kichwa. Katika nchi tajiri leo, karibu watoto 9 kati ya 10 wanapona.

Ushahidi wa aina yake ulitoka pia karibu na Kivu. Huko Mulago, Kampala, Denis Burkitt alitibu watoto wenye uvimbe wa taya kwa dawa hizohizo za sindano, na baadhi yao hawakuugua tena. Ni kansa nyingine, lakini Wamarekani waliishika kama alama kwamba dawa peke yake inaweza kuponya. Mwaka 1967 kituo kilifunguliwa pale, ndicho leo Taasisi ya Kansa ya Uganda.

Dawa nyingi zilizotajwa hapa ni za zamani na zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo, katika nchi maskini, watoto wenye kansa wanaopona ni chini ya 30 kati ya 100. Ugonjwa unachanganywa na malaria au bwaki, dawa zinakosekana dukani, na familia zinaacha matibabu katikati. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la kufikisha angalau 60 kufikia 2030, na lukemia hii ni moja ya kansa sita zilizochaguliwa kuanzia.

Homa isiyosikia dawa ya malaria, pamoja na kupauka, kutoka damu kwa fizi na maumivu ya mifupa, mara nyingi itakuwa na sababu nyingine, lakini inastahili kuombewa hesabu kamili ya damu kwenye labo. Na mtoto ambaye tayari yuko kwenye dawa, familia ikilazimika kukimbia tena, karatasi ya matibabu ifungwe pamoja na karata za uchaguzi: ndiyo inayoonyesha dawa zipi zimetolewa, tarehe gani, na imebaki miezi mingapi. Hospitali ya mahali wanapofika inaweza kuendelea kutoka pale.