Naivasha kwa Magurudumu Mawili

Rafiki yangu mmoja, ambaye mamake alikata maua huko Naivasha kwa miaka mingi, ndiye aliyenichokoza. "Wewe," aliniambia, "kila siku unasema unaandika riwaya ya Bonde la Ufa, na bonde lenyewe hujawahi kulipita ila ndani ya matatu, tena ukiwa umelala." Nikaona aibu, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Basi Jumamosi moja tukapanda gari alfajiri, na saa mbili tulikuwa mbele ya fundi mmoja wa baiskeli pale mjini, tukipatana bei ya kukodi mbili hadi jioni.

"Hii breki ya nyuma inashika kidogo, mzee," nilimwambia.

"Kidogo inatosha, kijana. Huko uendako ni tambarare."

Msomaji mwenzangu, fundi alisema uongo. Lakini hayo tutayafikia.

Ukitoka mjini unashika barabara kuukuu ya Nairobi kilomita chache, huku malori yakikupiga upepo wa kukuangusha, kisha unapinda kulia kuingia barabara ya Moi South Lake. Ziwa liko kuliani kwako, nyuma ya migunga yenye magome ya manjano. Kushotoni mlima Longonot umekaa kama chungu kilichovunjwa mdomo, mita 2,776 kutoka usawa wa bahari. Ukishapita Karagita na msongamano wake wa maduka na mabango ya nyumba za kupanga, kelele inakatika ghafla. Unasikia mnyororo wako tu na ndege. Nilimwambia rafiki yangu kwamba sijapata kuona barabara tulivu kama ile. Akacheka. "Utulivu wa wapi? Ngoja saa kumi."

Jina lenyewe si la utulivu. Wamaasai waliliita Nai'posha, maji yanayochafuka, kwa sababu ya upepo wa mchana unaoinua mawimbi. Wazungu wakashindwa kulitamka, nasi tukarithi kushindwa kwao. Katika vitabu vya shule tulisoma kwamba mwaka 1883 walipita hapa Mjerumani Gustav Fischer, kisha Mskoti Joseph Thomson. Mwalimu hakutuambia kuwa Thomson alifuatana na Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa akizijua njia za Umaasaini kabla yake, wala kwamba mizigo yote ilikuwa vichwani mwa watu waliosemezana kwa Kiswahili hiki ninachokiandika. Mimi nilikuwa na mkoba mmoja mgongoni na nilishaanza kulalamika.

Tena haikuwa njia ya mchezo. Novemba 1895, katika bonde la Kedong, kusini ya Longonot, msafara wa Wakikuyu na Waswahili uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine uligombana na Wamaasai, na mamia ya wapagazi wakauawa. Serikali yenyewe ya Waingereza ilipochunguza ilikubali kuwa watu wa msafara ndio waliochokoza. Ukiteremka leo kutoka Limuru kupitia Mai Mahiu utaliona kanisa dogo kando ya barabara, lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakichonga njia ile ya ukingoni. Madereva wanasimama pale kununua mahindi ya kuchoma. Wapagazi wa 1895 hawana hata kijiwe.

Kuna jambo lingine linalonichekesha kila nikilikumbuka: mpaka Machi 1902 Naivasha haikuwa upande wetu, ilikuwa Uganda! Mkoa wa mashariki wa Uganda ulianzia hapa, na tarehe 1 Aprili 1902 ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki kwa kalamu tu. Reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu mwaka 1901, na sasa ilitakiwa ijilipie. Ili ijilipie walitakiwa walowezi, na walowezi walitaka ardhi yenye maji. Nayo ilikuwa hapa hapa, imejaa ng'ombe wa Wamaasai.

Hapa nilishuka kwenye baiskeli. Rafiki yangu alidhani nimepata pancha. Nilitaka tu kuyatazama malisho yale kwa miguu, kwa kuwa mwaka 1904 kamishna Donald Stewart alitia saini mapatano na laiboni Olonana na wazee wengine: Wamaasai waondoke Bonde la Ufa, kundi moja liende Laikipia na jingine kusini. Waliachiwa kipande cha maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya tohara za vijana wao. Nayo mapatano, yalivyoandikwa, yangedumu maadamu Wamaasai wapo duniani kama taifa.

Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911, Olonana akiwa ameshafariki, yakaandikwa mengine, na wale wa Laikipia wakaambiwa wafungashe tena waelekee kusini. Ole Gilisho na wenzake hawakushika mikuki, walishika mawakili. Mwaka 1913 korti ikatupa kesi yao, ikisema kwamba yale yalikuwa mapatano baina ya mataifa, hivyo korti haina uwezo wa kuyaamua. Yaani siku ya kunyang'anywa wewe ni raia wa chini, siku ya kudai wewe ni taifa la kigeni! Mwandishi wa riwaya akibuni kisa kama hiki mhariri atamrudishia.

Baada ya hapo historia ya ukingo huu ni ya wenye nacho. Kuanzia 1937 ndege za majini za Imperial Airways zilitua ziwani, na abiria wakamalizia safari ya Nairobi kwa gari. Maua yalikuja baada ya uhuru, yakashamiri sana miaka ya 1990. Leo kwa kilomita nyingi unapita kati ya nyua na malango yenye walinzi, mapaa ya plastiki yakimetameta hadi karibu na maji. Waridi linalokatwa hapa asubuhi husafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Kazi hiyo iliwaleta watu wa kila kabila, na Januari 2008 watu hao hao walikimbizana kwa mapanga humu humu. Rafiki yangu alikuwa mtoto. Alinionyesha lango ambako mamake aliwaingiza wajificha, halafu akakanyaga pedali bila kusema zaidi, nami sikuuliza.

Tukapinda kushoto kuingia Hell's Gate, mlango wa jehanamu, mbuga iliyotangazwa mwaka 1984. Ni moja kati ya mbuga chache nchini ambamo unaruhusiwa kuingia kwa baiskeli bila gari wala kiongozi. Pundamilia waliinua vichwa wakatutazama, wakaona hatuna maana. Majabali mekundu yamesimama pande zote mbili kama kuta za boma. Na hapo, wapendwa, ndipo nilipojua thamani ya breki ya nyuma: mteremko wa changarawe, nyati mmoja kandoni, na mimi nakwenda bila hiari yangu. Nilisimama kichakani. Goti lina kovu mpaka leo.

Mbele zaidi mabomba makubwa yanapanda na kushuka milimani, mvuke ukifuka. Ni Olkaria, ambako umeme wa joto la ardhini ulianza kuzalishwa mwaka 1981. Nasi tunausoma magazeti kwa taa zake, sikatai. Lakini mwaka 2014, mitambo ilipopanuliwa, familia za Kimaasai zilihamishwa kutoka hapa zikajengewa nyumba mpya 150 mahali pengine, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia. Kutoka 1904 mpaka 2014 ni miaka mia na kumi. Niliihesabu kwa vidole nikiwa nimekaa juu ya jiwe, damu ikinitiririka gotini.

Kongoni hatukufika, wala ile njia ya vumbi inayolizunguka ziwa kurudi mjini kwa upande wa kaskazini. Tulipotoka langoni ilikuwa saa kumi na dakika kadhaa. Nikasikia kama mvua. Wafanyakazi walikuwa wametoka: mabasi, watu kwa miguu, na baiskeli, mamia ya baiskeli, wanaume waliopakia wake zao kwenye keria, wasichana wawili wawili wakipiga kengele. Tukashuka tukajibanza kwenye majani ili wapite.

Mmoja akatuona na baiskeli zetu za kukodi, akapaza sauti bila kupunguza mwendo: "Nyinyi, mmepotea?"

Fundi alikata shilingi mia mbili kwa ajili ya taa niliyoivunja. Ya breki hakuisema, nami nilikuwa nimechoka mno kuidai.